Tundu la Mkono

Jumanne, mvua ya kwanza

Sasa hivi Kokoto amehesabu mawe ya ukuta wa jikoni mpaka arobaini na moja bila kuruka hata moja. Alipofika la arobaini na mbili akasikia kandambili za Mama Bonge zinakuja mlangoni. Akanyamaza, akatia kidole mdomoni, akakaa chini puu kama mtoto aliyejifunza kukaa juzi.

"Haya, Kokoto," Mama Bonge akamwinamia, "sema shikamoo."

"Moo."

Mama Bonge akacheka, akamfinya shavu, akaomba chumvi, akaondoka. Kandambili zilipofika mbali, Kokoto akatoa kidole akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimefanya vizuri, mama?"

Nikamwambia amefanya vizuri sana. Neno hilo ndilo lililonifanya nilitoe hili daftari.

Kokoto ana miaka sita. Mtaani wanajua ana mitatu. Tulikotoka watu walianza kutazama. Kokoto alisimama kukua bado hajafika kiunoni kwangu, viganja tu ndivyo vilivyoendelea kupanuka. Tukahama mara ya kwanza, tukahama mara ya pili. Siku tulipofika hapa nilikuwa nimembeba mgongoni, Mama Bonge akauliza ana umri gani, na ulimi wangu ukanitangulia: "Mmoja na nusu." Baba yake, anayefanya kazi kwenye tanuri la chokaa, alisikia. Alikwangua chokaa kwenye kiwiko chake. Basi tukampunguzia mtoto wetu miaka mitatu, na tangu siku hiyo nimemfundisha: ukiwa na watu, maneno mafupi. Ameshika haraka mno. Ana akili.

Mimi niliishia darasa la nne. Naandika ili mkono usishike kutu, maana natumaini siku moja nitamsaidia kazi za shule. Mvua zikiisha Mwalimu huandikisha watoto wa miaka sita. Sijui natumaini vipi, lakini natumaini.

Alhamisi

Mvua. Nimeshona magunia ya chokaa tangu asubuhi. Sindano imenitoboa kidole gumba.

Jumamosi

Leo amekuja Fundi.

Nyuma ya mtaa wetu kuna mlima, na mlima umezuiwa na ukuta wa mawe ambao hakuna anayejua ulijengwa lini. Majiko yetu yote kumi na moja yameegemea ukuta huo. Katika kila jiko pana tundu moja, kimo cha kifua cha mtoto, upana wa kupitisha mkono. Nyuma ya mawe wajenzi walipanga kokoto za kupitisha maji kutoka jiko la juu hadi la chini, kwa hiyo matundu yanawasiliana. Mvua ikinyesha yanatiririsha maji kidogo kidogo kwenye mfereji, nasi tunanung'unika kwamba jikoni kuna unyevu.

Walioujenga ni Watu wa Mwamba. Mtaani wanawaita mbilikimo, halafu wanageuka nyuma kuangalia kama yupo anayesikia. Wanawaogopa. Mtu wa Mwamba akiweka kiganja kwenye jiwe, jiwe linalegea kama unga uliokandwa. Kila mtu anajua kwamba mlima uliwatapika kabla mito haijapata njia, ndiyo maana wako vile.

Kila mwanzo wa mvua mmoja wao huja kukagua. Safari hii ni mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa. Ananifika kiunoni, mabega kama mlango, nyundo mkandani.

"Hodi. Sogeza sufuria, mrefu wewe, unanizibia mwanga."

Akaingiza mkono tunduni mpaka kwapani, jiwe likampisha. Akatoa tope, mizizi, na kijiko. "Hiki cha nani?"

Kokoto akacheka kicheko chake cha kweli, akajisahau. Fundi akamgeukia. Akatazama uso, akatazama viganja, akavirudia tena viganja.

"Huyu ana umri gani?"

"Mitatu."

"Aha," akasema, akipangusa kijiko kwenye sketi yake. "Na mimi nina kumi na minane, natafuta mchumba."

Akaenda jiko la pili. Uso umeniwaka mpaka sasa ninapoandika.

Jumapili

Sikutoka nje.

Jumatano

Kokoto ameanza kusimulia tunduni. Anaweka mdomo pale na kuongea kwa sauti yake yenyewe, maneno yote marefu ninayomkataza mchana kutwa. Anaueleza ukuta habari za baba yake na tanuri la chokaa, za Bonge aliyekula mshumaa, za mama aliyejitoboa kidole.

"Unaongea na nani?"

"Na ukuta."

"Unajibu?"

"Kidogo. Hauna maneno mengi, lakini unasikiliza."

Nikamwacha. Nilifikiri, angalau ana mahali. Halafu akanivuta mkono, akaniwekea pale alipokuwa ameweka wake. Jiwe lilikuwa na joto, kama yai lililotagwa sasa hivi. Niliutoa mkono haraka, na yeye aliniona nikiutoa.

Ijumaa

Mama Bonge kaingia leo bila hodi. "Mwenzangu! Kuna mtoto kwenye tundu langu! Anasoma habari nzima kama karani, mara mshumaa, mara tanuri. Nimejimwagia chai mkononi kwa hofu. Inatoka upande wako."

"Ni mimi. Namsimulia Kokoto."

"Sauti ilikuwa ya mtoto, shoga."

"Ninabana pua."

"Unabana pua?"

"Anapenda."

Akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono. "Hebu bana nisikie."

Basi mimi, mwanamke mzima, nikabana pua mbele ya jirani na kusimulia habari ya Bonge na mshumaa kwa sauti ya kuku mgonjwa, na binti yangu yuko pembeni kidole mdomoni ananitazama. Mama Bonge alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alipotoka aligeuka mara moja.

Nikachukua gunia bovu, nikalikunja, nikalichovya kwenye chokaa mbichi, nikalisukumiza tunduni kwa mpini wa mwiko.

"Mama, utapumulia wapi?"

"Nani?"

"Ukuta."

Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Huyu mtoto ukimwambia anyamaze, ananyamaza.

Jumamosi

Mama Bonge kaliona gunia. "Mbona umeziba?"

Sikujiandaa. Nikasema nimeona nyoka ametoa kichwa.

Kufika saa sita mtaa mzima unaziba. Wengine kwa matambara, wengine kwa udongo, na Mzee Viatu, fundi cherehani na viatu wa nyumba ya mwisho kule chini, kwa kisigino cha ngozi na lami. Alinisimamisha njiani. "Alikuwa wa kijani au mweusi?"

"Mweusi, mzee."

"Hao wabaya." Akarudi kuongeza lami.

Kufika jioni nyoka wangu alikuwa na vichwa viwili, na Mama Bonge naye alikuwa amemwona.

Jumatatu

Mvua bila kupumzika. Jiko ni kavu kuliko siku zote, watu wananishukuru.

Jumatano

Mwalimu amepita kutoa taarifa, mwavuli wake una fito tatu tu zilizobaki. "Mvua zikikatika naleta kitabu. Mwaka huu darasa lina nafasi. Hapa kuna wa miaka sita?"

Kokoto alikuwa nyuma ya mlango, niliona vidole vyake chini.

"Bado, Mwalimu. Wangu ni mitatu."

"Haya, tutamsubiri."

Alipoondoka nilikuta Kokoto amechora namba sakafuni kwa mkaa, moja mpaka sita, zimenyooka. Alikuwa anazifuta kwa kisigino, akianzia na sita.

Jumapili, siku ya ishirini ya mvua

Asubuhi Kokoto kasema, "Mama, ukuta umebanwa na mkojo."

Baba yake alicheka mpaka chai ikampalia. Nami nilicheka. Kokoto hakucheka. "Umebanwa kweli. Unajikaza."

Jumatatu

Jiwe lililo juu ya mafiga limetokeza nje kwa upana wa kidole. Mlango wa jikoni haufungi. Nimemwambia mume wangu ubao huvimba wakati wa mvua. Kokoto amekataa kulala upande wa ukuta.

Jumatano

Nisipoandika leo kesho nitajipunguzia, kama nilivyompunguzia mtoto.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mume wangu yuko kwenye tanuri. Nilikuwa nashona, nikasikia sufuria imeteleza yenyewe kutoka kwenye mafiga, ikaanguka, ikawa inayumba sakafuni. Kokoto alikuwa amesimama, viganja vyote viwili ukutani, uso kama wa mtu anayezuia mlango kwenye upepo.

"Mama, siwezi kuushika peke yangu. Waambie wazibue."

Nilijua anasema kweli. Nilijua tangu Jumatatu. Kuwaambia, lazima niseme nimejuaje, na niseme hakuna nyoka, na niseme kwa nini niliziba. Nilisimama pale mpaka sufuria ilipoacha kuyumba. Muda wote huo mtoto wangu anashikilia mlima, mimi nafikiria uso wangu.

Halafu nikatoka mbio mvuani. "Zibueni matundu! Ukuta unakuja!"

Milango ikafunguka. Mama Bonge akatokeza na Bonge kiunoni. "Na nyoka?"

"Hakuna nyoka."

"Mimi nimemwona!"

"Hukumwona. Nilisema uongo."

"Kwa nini mtu atunge nyoka?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Wengine nao wamesimama chini ya mapaa, wanataka kujua. Nami nikageuka kutazama mlango wangu.

Ndipo Kokoto akatoka. Alisimama katikati ya njia, maji yakimfika magotini, akasema kwa sauti yake yote: "Mama aliziba kwa sababu mimi nilikuwa naongea. Anzeni kwa Mzee Viatu kule chini, halafu mpande. Maji mengi yako kwake."

Watu walisimama kama nguzo. Mama Bonge ndiye aliyekimbia kwanza. Lakini kila mtu alikimbilia nyumba yake. Nami pia nilianza kwangu, nikilichomoa gunia langu kwa sindano ndefu ya magunia, maji yakanipiga kifuani, mekundu, mazito kama mkono wa mtu. Tukaenda nyumba hadi nyumba, kwa vijiko, kwa mapanga, kwa kucha. Palipokuwa pameshika udongo mgumu Kokoto aliweka kiganja, na udongo ukamwagika kama jivu. Waliona. Wakaendelea kuchimbua.

Tulipofika kwa Mzee Viatu alikuwa amejifungia. "Mimi na nyoka wenu tulishamalizana!" akapiga kelele ndani. "Niacheni, nina viatu vya watu!"

"Mzee, toka!"

Ukuta ulishuka hapo. Haukupiga kishindo kikubwa kama nilivyodhani. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka, na jiko lake likawa tope. Tulimchomoa chini ya kabati la viatu, bega limevunjika, mkononi ameshika ndara. Akafumbua macho akasema, "Hiki cha kushoto cha nani?" Watu wakacheka na kulia pamoja.

Kama tungeanza kule kama mtoto alivyosema, bega lingekuwa zima. Kama nisingeziba, angekuwa anashona viatu.

Na bado sijaandika lililo baya zaidi.

Tulipokuwa tumekaa wote chini ya paa la Mama Bonge, tumelowa, Mama Bonge alichuchumaa mbele ya Kokoto, akamfuta uso kwa kanga yake. "Wewe mtoto wewe. Una miaka mingapi?"

Kokoto aligeuka akanitazama mimi. Akangoja. Mtaa mzima ukangoja.

Nikasema, "Mitatu. Ana akili nyingi tu."

Kokoto akatia kidole mdomoni.

Alhamisi

Mvua imekatika. Nimemuuliza kama anataka chai. Akasema, "Ta."

Tulikuwa peke yetu. Mlango umefungwa.

Jumamosi

"Mama." "Maji." "Ndio." Hayo ndiyo maneno yake ya leo. Nimeyahesabu.

Jumatatu

Nimempelekea Mzee Viatu supu. Alinipokea kwa mkono mzima. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nyoka mwenyewe alikuwa mzuri, ulimsimulia vizuri," akageukia ukutani. Hakuigusa supu mpaka nilipotoka.

Jumanne

Mama Bonge amempeleka Bonge kwa muuza dawa. Eti wana umri mmoja na Kokoto, na Kokoto anaamrisha watu wazima, Bonge hata neno ukuta anasema "kuta". Muuza dawa ametoa unga mchungu wa kupaka ulimini, asubuhi na jioni. Namsikia Bonge kupitia tundu anavyolia. Namsikia na mama yake: "Sema vizuri! Mwenzio anasema!"

Nimekaa hapa na sindano yangu, nasikiliza mtoto wa watu akilishwa uchungu kwa sababu yangu.

Alhamisi

Fundi amerudi kujenga pale palipoanguka. Amekuja amenuna, na wenziwe wawili wa kubeba mawe. Kabla ya kugusa kazi alipita nyumba zote, akaja kwangu na gunia langu mkononi, limekauka kama mfupa.

"Nimelikuta mferejini. La nani?"

"Langu."

"Angalau hilo umelijibu vizuri." Akalitupa miguuni kwangu. "Njoo ukoroge chokaa. Mikono mirefu ina kazi yake."

Nikaenda na Kokoto. Nikakoroga, Fundi akichonga. Halafu akaanza kusema bila kunitazama, kama mtu anayelalamikia bei ya sokoni.

"Mnasema tulitapikwa na mlima. Hata wanaume wetu wanaimba hivyo, na vifua wanavitoa. Inapendeza. Ukitapikwa na mlima hakuna wa kukuuliza mama yako alikuwa nani. Sisi tunaojenga tunasimuliana nyingine."

"Ipi?"

"Alikuwa mwanamke mrefu. Mrefu hivi hivi, wa kuziba mwanga. Mtoto wake alisimama kukua. Kila kijiji alichofika akasema, huyu bado mdogo, atarefuka. Wakianza kuhesabu miaka, anahama. Vijiji vikamwishia. Akamtia mtoto kwenye ufa wa mlima, akapanga mawe mlangoni, akawaambia watu amekufa. Ila aliacha tundu. Kiasi cha mkono."

Mwiko ulinisimama mkononi.

"Koroga, itaganda. Kila siku alimletea chakula. Mtoto hakushika chakula kwanza, alishika mkono. Mama akaondoka, mchana kutwa mtoto hana wa kuongea naye, akaongea na jiwe. Jiwe ni zito kuelewa lakini si kiziwi. Mwaka wa kwanza likapata joto. Mwaka wa pili likajibu. Huo ndio uchawi wetu mnaouogopa. Ni mtoto aliyekosa mtu wa kuongea naye."

"Halafu?"

"Halafu watu wakamfuma mama mkono uko ukutani. Akangoja wamcheke. Mwanamke mmoja akaondoka bila neno, akarudi na wa kwake, alikuwa amemficha chini ya kitanda. Kesho yake wakaja wengine wawili. Ndio sisi hao. Na mpaka leo, mara moja moja, katika nyumba ya warefu anazaliwa mmoja wetu."

"Yule wa kwanza alitokaje?"

Nyundo ikanyamaza. "Alisukuma tu. Mawe yalikuwa yanamsikia tangu mwaka wa pili. Alikaa mle miaka saba. Angeweza kutoka mitano mapema."

"Kwa nini hakutoka?"

"Unaniuliza mimi?" Akaelekeza patasi kwa Kokoto, aliyekaa kando ya karai, kidole mdomoni. "Si umuulize huyo? Hakutaka kumwaibisha mama yake."

Nililia pale pale, kamasi zikachuruzika kwenye chokaa. Nikamuuliza kama atamchukua Kokoto.

"Nimpeleke wapi? Ana mama. Nimemwona, mrefu, analia, anaharibu chokaa yangu." Akaendelea kuchonga. "Nyie mkiona tundu mnaona maji. Maji yanapita, ni kweli. Lakini sisi tunaacha mahali pa mkono. Jumamosi naweka jiwe la mwisho. Tukiwa na mtoto wa mama mrefu, desturi ni hii: mama anaingiza mkono upande wa nyuma, kabla hatujapajaza, mtoto upande wa mbele, na mama anamtaja mtoto wake na umri wake, tundu likiwa bado bichi. Ukuta ukikaukia uongo, mimi sirudi kuutengeneza. Na matundu ya mtaa huu yanasikizana, unajua."

"Najua," nikasema.

Ijumaa

Nimemweleza mume wangu. Alikwangua kiwiko. Halafu akasema, "Siku ile ulipojibu mmoja na nusu, nilishukuru kwamba umeulizwa wewe." Sikujua kwamba naye alibeba mzigo huo.

Nikaenda kwa Mama Bonge. Sikutaka asikie kesho tunduni kama wengine, kwa sababu ya Bonge. Nilimkuta na kijiko cha ule unga.

"Usimpake," nikasema. "Kokoto ana miaka sita."

"Nini?"

"Sita. Anakaribia saba."

Akanitazama. Akakitazama kijiko. Akamtazama Bonge. "Kwa hiyo mwanangu si mjinga?"

"Mwanao ana miaka mitatu, basi."

Akamkumbatia Bonge akacheka, akamrusha juu, akamwita bwana mkubwa wa ukuta. Halafu akamweka chini, na kicheko kikaisha kama kimekatwa. "Siku nne nampaka uchungu mwanangu. Siku nne wewe unasikia."

"Nasikia."

"Toka kwangu."

Nikatoka. Nikiwa njiani akaniita. Nikageuka kwa furaha. Alinirushia kibakuli changu cha chumvi, hakikuvunjika.

Jumamosi

Jua kali. Wote wako kule chini penye ukuta mpya, nasikia makelele yao. Mwalimu amekuja na kitabu chake, ameona kule ndiko watu waliko, amekaa juu ya jiwe. Mzee Viatu ametolewa nje na kiti chake. Mama Bonge yupo pia. Hajanisalimia, lakini alipompita Kokoto alimfunga kamba ya kiatu.

Nimerudi nyumbani nikasema nafuata kitambaa. Uongo mwingine, natumaini ni wa mwisho. Nimekuja kuandika kwenye jalada la daftari, kwa herufi kubwa: KOKOTO, BINTI YANGU, MIAKA SITA. Ulimi wangu naujua, unapenda njia ya mkato. Nitaenda na daftari, ukiteleza nitasoma.

Naogopa. Watanitazama kama walivyonitazama mvuani, na safari hii hakuna mvua ya kuficha uso. Lakini nafikiri juu ya yule mama wa kwanza, kila siku na sahani yake. Labda naye alikuwa anatumaini. Labda kila siku alisema kesho nitavunja. Miaka saba ya kesho.

Kokoto hajaniambia sentensi nzima tangu siku ya ukuta. Sijamwomba. Naona si haki nimwombe yeye aanze.

Fundi ananiita. "Wewe mrefu! Chokaa inakauka!"

Nakuja. Naandika nimesimama. Jamani, sikilizeni, kuna sauti inatoka tunduni hapa kwenye goti langu. Si ya kitoto, ni ya Kokoto mwenyewe, na majiko yote kumi na moja yanaisikia: "Mama, njoo, Mwalimu amefungua kitabu, na Fundi anasema jiwe haliwezi kusubiri, na mimi nimeshaingiza mkono wangu lakini uko huku peke yake, kwa hiyo—"